Baraza la sanaa la mkoa lianzie klabuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya hoja ambayo huzuka kila baada ya muda miongoni mwetu wapenzi wa sanaa hapa Zanzibar, kwamba kila mmoja wa mikoa yetu 5 uwe na baraza lake la sanaa. Hoja yenyewe naiunga mkono. Kinachonitia wasiwasi ni kuwa mazungumzo huanzia kwenye jengo, gari na posho za vikao, na watu watakaokaa katika baraza hilo hutajwa mwishoni kabisa, kana kwamba yeyote atafaa mradi ana barua ya uteuzi mkononi.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi wetu huiita Malindi tu, iliundwa mwaka 1905 na ingali hai. Kabla yake taarab ilikuwa muziki wa kasri. Wazee wanaeleza kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, naye aliporudi akawa anawapigia watu wa jumba la Sultani na wageni wao. Ulikuwa muziki mzuri bila shaka, lakini uliishi kwa mfuko na hamu ya mtu mmoja, na asiyealikwa aliusikia kwa mbali kama aliusikia. Waliounda klabu walifanya jambo la namna nyingine: walikusanyika kwa hiari yao, wakachangiana, na kupiga kwao kukaenda sambamba na kutembeleana, kuzikana na kuozeshana. Sultani hayupo tena, klabu ipo.

Kitu kikubwa zaidi katika klabu za aina hii ni ukarimu wa kufundisha. Siti binti Saad alitoka Fumba, akaja mjini akiwa muuza vyungu, asiyejulikana na mtu. Inasimuliwa kwamba aliyemfunza kuimba na kumtia katika njia ya muziki alikuwa mwanachama wa Ikhwan Safaa, aliyemsikia akaona kuwa sauti ile haifai kuachwa. Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurikodi santuri, na Afrika Mashariki nzima ikamjua. Sidhani kama kuna kamati ambayo ingemwandikia mwanamke yule barua ya kumwita. Ilihitajika jicho la mtu mmoja aliyeujua muziki na aliyekuwa na nafasi ya kumfundisha mwenziwe bila kumuuliza ametoka ukoo gani.

Wanawake nao hawakungoja waalikwe. Kabla ya uhuru mji wetu ulikuwa na vikundi vyao vya taarab vyenye majina ya kujigamba kama Royal Navy na Royal Air Force, na ushindani wao wa nyimbo, sare na mafumbo haukuwa mdogo. Watu hupenda kukumbuka ugomvi wao. Mimi hupenda kukumbuka kwamba wanachama wa vikundi hivyo walisaidiana katika harusi na misiba, kwa hiyo kikundi kilikuwa pia mfuko wa kufaana. Tausi, kikundi cha wanawake watupu wanaopiga vyombo vyote wenyewe, kilichoanzishwa mwaka 2009 chini ya Bibi Mariam Hamdani, kimesimama juu ya msingi huo wa zamani, kikaongeza lililokuwa limebaki: mwanamke kushika udi na fidla badala ya kushika maikrofoni peke yake.

Naomba sasa nieleze kazi ambayo msikilizaji aliyeketi ukumbini haioni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na hewa ya bahari haiiachi ikatulia. Katika kikundi chetu mpigaji wa kanuni hufika kabla ya wenzake wote, mara tu baada ya sala ya isha, akakaa na ufunguo wake mdogo akizikaza nyuzi tatu tatu huku sikio limeinama karibu na ubao. Tunapoingia sisi wengine tukipiga soga huwa hajamaliza, na hakuna anayemharakisha. Pembeni kuna mweka hazina mwenye daftari lililokunjika pembe, ambamo ada zinaandikwa pamoja na nani amechukua nyuzi za fidla, nani anadaiwa, na tuzo zilizopatikana harusini zimegawanywa vipi. Daftari lile yeyote kati yetu anaweza kulifungua wakati wowote, hata mtoto aliyejiunga juzi. Kwa kazi hizi hakuna anayelipwa. Nimeona taasisi zenye wakaguzi wa hesabu ambazo haziaminiki na watu wake kwa robo ya kiasi hicho.

Hao ndio watu ambao baraza la mkoa linapaswa kujengwa juu yao. Nasema hivyo nikiwa najua upungufu wao. Klabu nyingi ni za wazee, vijana huingia na kutoka, na masilahi ya kifamilia wakati mwingine huamua nani aimbe wimbo gani. Ugomvi wa nani mwenye haki ya wimbo umewahi kuvunja zaidi ya kikundi kimoja. Hata hivyo matatizo hayo hutatuliwa na wanaojuana, kwa katiba yao na kikao chao, na sioni ofisi yoyote itakayoyatatua vizuri zaidi.

Suala la fedha ndilo gumu, na hapa naomba tuambiane kweli. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara, lililokuwa likifanyika kila mwaka tangu 2004, halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha, ingawa lilirejea mwaka uliofuata. Mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho tangu 2002 kimekuwa kikifundisha taarab, kidumbak na ngoma, kipo hatarini kufungwa baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Siwalaumu wafadhili, na waandaaji wa shughuli hizo siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa wamefanya kazi kubwa ambayo sisi wenyewe tulishindwa kuifanya. Lakini mfadhili wa mbali ana tabia ile ile ya Sultani: akibadili mawazo, muziki hunyamaza. Baraza la mkoa litakaloanza kwa kuandika maombi ya ruzuku kabla ya kukusanya ada ya vikundi vyake litakuwa limechagua kasri na kuiacha klabu.

Napendekeza basi kwamba wengi wa wajumbe wachaguliwe na vikundi vyenyewe kwa kura, kwa muda maalumu, na Serikali iwe na wajumbe wachache wenye haki ya kusema na kusikilizwa. Kutoa vibali na kukagua nyimbo kubaki kwa mamlaka zenye kazi hiyo kisheria, kwa sababu msanii hawezi kumwendea kwa moyo mweupe mtu ambaye kesho atamnyima ruhusa. Kazi ya kwanza ya baraza isiwe tamasha. Iwe vyombo, mahali pa mazoezi, na walimu kulipwa nauli na kifuta jasho ili wafike mashamba. Fidla nzuri hapa kwetu ni taabu kuipata, na kijana hawezi kujifunza kwa chombo anachokiona mara moja kwa wiki kikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Tena lisiwe baraza la taarab, wala la Mji Mkongwe. Mimi ni mtu wa taarab na naona jinsi tunavyopenda kujifanya ndio sanaa nzima. Kidumbak, chenye ngoma zake ndogo, fidla na sanduku linalotumika kama besi, huchezesha watu wengi zaidi katika harusi za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kuliko orkestra yetu. Ngoma za msewe na kibati ni mali ya Pemba, na Makunduchi wana Mwaka Kogwa wao, sherehe ya mwaka mpya, kila Julai. Mikoa miwili ya Pemba ikiundiwa mabaraza kwa kunakili ya mjini, yatakuwa na viti na hayatakuwa na watu. Mpiga ngoma wa kibati ambaye hajawahi kusajili kikundi wala kufungua akaunti ya benki ana haki ya kiti zaidi ya yule anayejua kuandika mpango mkakati, na kanuni za uchaguzi ziandikwe zikimfikiria yeye kwanza. Kuhusu usajili, katibu wa baraza ndiye amfuate kijijini na fomu zake, na amsaidie kuzijaza.

Wako,
Mwanachama wa kikundi cha taarab,
Unguja Mjini