Sili mliikata ninyi wenyewe: malalamiko kuhusu kadi ya RTX 3080

Kwa Meneja Mkuu,
Kampala.

KUH: KADI YA GRAFIKSI ILIYOUZWA KUWA MPYA, NA WARANTI ILIYOFUTWA NA FUNDI WENU

Salamu. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isirudishwe kwa yule fundi wa kaunta ili aijibu yeye.

Naanza na kaunta. Tarehe 11 Juni fundi wenu alipokea kutoka mkononi mwangu kadi niliyotoka nayo Busia, inayochemka mno na kukwaruza, akachukua kisu cha kukatia makaratasi, akapitisha ncha juu ya sili iliyobandikwa kwenye skrubu mojawapo ya zile nne zinazobana hitisinki, yaani chuma cha kupoza, kwenye chipu, akafungua. Baadaye aliirudisha na maneno haya: "Mama, joto ni la Busia. Na sili imekatwa, waranti imekufa." Sili aliyoikata yeye, nami nimesimama pale pale.

Masharti ya waranti yenu mnayajua, sina haja ya kuwasomea. Vipimo ndivyo ambavyo hakuna aliyetaka kuviona, basi viko hapa.

Chumba kilikuwa na nyuzi 27. Kadi ilifanya kazi dakika 25 kwenye mchezo mzito, skrini ya 1440p, huku HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi, ikirekodi kila sekunde mbili. Chipu ilisimama kwenye nyuzi 84. Nukta moto, yaani pale chipu inapochemka kupita kwingine kote, ilifika 107. Memori ya kadi, aina ya GDDR6X, iligonga 110, na hapo ndipo memori ya aina hiyo hujipunguzia kasi ili isiungue. Kasi ya chipu ilishuka kutoka MHz 1,890 hadi 1,410, fremu, yaani picha zinazochorwa kwenye skrini, zikaanguka kutoka 96 kwa sekunde hadi 61. Kwenye GPU-Z, programu nyingine ya kuikagua kadi, mstari unaoeleza kinachoizuia kadi uliandika joto, haukuandika umeme.

Mtu wa simu wa kwenu alinijibu kwamba kesi, yaani sanduku la kompyuta, haipitishi hewa. Nilifungua ubavu wote wa kesi na kurudia kipimo kile kile: nyuzi tatu tu zilipungua. Akasema pawasaplai, kile kifaa cha kuilisha kompyuta umeme. Ni ya wati 850, na kadi inakula wati 320. Nyaya za pini nane ni mbili, kila moja na njia yake kutoka kwenye pawasaplai, si waya mmoja uliogawanywa, na nyuma yake kuna stabilaiza kwa sababu umeme wetu tunaujua. Akasema draiva, programu inayoiendesha kadi. Niliifuta kabisa na kuweka upya, namba hazikubadilika. Baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa tena.

Kelele nazo zinahitaji maelezo, maana fundi alizichanganya, labda kwa makusudi. Kadi hii ina sauti mbili. Ya kwanza ni mlio mwembamba wa koili, unaopanda fremu zinapopanda. Kwenye menyu ya mchezo wa mpira unasikika kama mbu sikioni, na ukifunga fremu kwenye 60 unatoweka. Huo siulalamikii, kadi nyingi mpya zinao. Ya pili inatoka kwenye feni ya tatu, ile ya mwisho mbali na pini za skrini. Nilipandisha feni kwa asilimia kumi kumi huku hakuna mchezo wowote unaoendeshwa. Hadi asilimia 50, kimya. Kwenye 60 feni hiyo inaanza kukwaruza kama kijiko ndani ya sufuria tupu, na haiachi hadi irudi chini ya 50. Beringi imekwisha. Na kwa sababu kadi ina joto, feni zinakaa kwenye mizunguko 3,100 kwa dakika mchezo mzima, kwa hiyo ukwaruzaji huo ndio mziki wetu wa kila saa. Siwaandikii desibeli, kwani maikrofoni ya simu si kipimo cha mtu makini.

Beringi ya feni haichakai katika wiki tatu na nusu. Risiti, namba 4471, inasema nilinunua tarehe 17 Mei, shilingi 2,650,000, na mkono wa mfanyakazi wenu umeandika "mpya". Meno ya dhahabu yanayoingia kwenye ubao mama yalikuwa na mikwaruzo tangu nafungua boksi, na kando ya memori kulikuwa na mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za joto, vile vipande laini vinavyopeleka joto la memori kwenye hitisinki. Pedi hutoa mafuta hayo zikipikwa muda mrefu. RTX 3080 ilitoka Septemba 2020. Ethereum, ile sarafu ya kidijitali, ilipoacha kuchimbwa (kutengenezwa kwa hesabu za kompyuta) kwa kadi Septemba 2022, kadi zilizofanya kazi usiku na mchana zilimwagika sokoni dunia nzima, na nyingine zikafungwa nailoni upya. Sisemi hii ni moja ya hizo, kwa kuwa sikuwepo. Nasema mpya haikuwa, nanyi mlinitoza bei ya mpya.

Sasa narudi kaunta, kwa sababu pale juu niliandika kwa adabu nikaacha nusu.

Nilimpa fundi karatasi ya vipimo. Hakuisoma, aliiweka chini ya kikombe chake cha chai. Alikata sili, nikamwambia, "Kaka, andika kwanza kwamba umeikata wewe." Akasema, "Tulia, mama." Akatoa pedi za zamani akaweka nyingine, pakiti ilibaki juu ya kioo cha kaunta mbele yangu, imeandikwa 2.0 mm. Pedi alizobandua zilikuwa nyembamba, na nilimwuliza kama amepima. Hakujibu. Akakaza skrubu moja hadi mwisho, kisha inayoifuata, akizunguka kama anayefunga gurudumu la wilibaro, badala ya kukaza kidogo kidogo kwa mshazari ili hitisinki ikae sawa. Akaiwasha juu ya meza, nje ya kesi, kwenye chumba chenye AC, akaendesha FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, dakika mbili. Dakika mbili! Hitisinki ya ukubwa ule inahitaji dakika kumi na tano hadi ishirini ndipo joto litulie. Chipu ikaonyesha 71. Nikamwomba ashushe ukurasa tuone nukta moto. Akafunga skrini, akawageukia vijana wawili waliokuwa wakingoja, na akasema kwa sauti: "Joto ni la Busia. Na sili imekatwa, waranti imekufa. Mwambie aliyekutuma aje mwenyewe."

Aliyenituma. Vijana wakacheka. Karatasi yangu niliichomoa chini ya kikombe ikiwa na duara la chai, na ndiyo hiyo mliyoambatanishiwa.

Hakuna aliyenituma, Bwana Meneja. Pesa ni yangu, kadi ni yangu, na vipimo nilichukua mimi.

Na hilo la joto la Busia lina jibu. Chumba kikiongezeka nyuzi moja, chipu huongezeka kama nyuzi moja, na nukta moto pia. Tofauti kati ya hizo mbili haibadiliki sana, uwe Busia, Kampala au Kabale kwenye baridi. Kwenye kadi nzima tofauti hiyo ni nyuzi 10 hadi 15. Yangu ilikuwa 23 kabla ya kuja kwenu. Baada ya "matengenezo" yenu nilirudia kipimo kile kile: memori imeshuka hadi 88, chipu 81, nukta moto 109. Tofauti sasa ni 28. Fundi yeyote anayeijua kazi atawaambia maana yake: pedi ni nene mno, zinaibana memori vizuri lakini zinainyanyua hitisinki isiikalie chipu sawasawa, na ukazaji ule wa upande mmoja umeongeza kuinama. Kwa hiyo nilileta kadi iliyochoka nikarudishiwa kadi iliyochoka na kuharibiwa.

Msiniambie nipunguze volti. Nimefanya: volti 0.850 kwenye MHz 1,800, kadi ikala wati kama 250, na nukta moto bado ikafika 99. Hiyo ni mbinu ya mtu anayetaka utulivu zaidi kwenye kadi nzima, si dawa ya kuficha ubovu wa muuzaji.

Nilikuja kuomba mnibadilishie kadi, basi. Hilo lingewezekana tarehe 11 Juni kwa dakika kumi na tabasamu. Tarehe 19 nilirudi, nikaambiwa meneja yuko mkutanoni, nikakaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja jioni, na mlinzi ndiye aliyenijulisha kwamba mnafunga. Kwa hiyo kadi nyingine kutoka kabati lile lile siitaki tena. Nataka shilingi 2,650,000 zote, nauli ya safari mbili za Busia kwenda na kurudi, na barua yenye mhuri wenu inayosema nani alikata sili na kwa nini. Kadi mtaipata mkononi siku hiyo hiyo pesa zikiingia, si kabla.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii, na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi ninayo. Zikipita, naenda kwenye mahakama ya madai madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na haihitaji nilipe wakili. Nitasimama juu ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na nitaomba na fidia ya usumbufu pia. Faili za HWiNFO zote nimezihifadhi, kabla na baada. Picha za mafuta kwenye memori ninazo. Picha ya pakiti ya 2.0 mm juu ya kioo chenu ninayo, na ukiikuza vizuri unaona kisu pembeni yake na kipande cha sili kikiwa bado kimenata kwenye ncha.

Wasalaam,

Mteja mwenye risiti namba 4471,
Busia.