Filimbi ya kuita mbweha haichagui anayekuja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nimjibu mfugaji wa upande wa Kinango ambaye barua yake mliichapisha hivi karibuni. Alieleza jinsi mbweha wanavyommalizia watoto wa mbuzi, akapendekeza kwamba wafugaji wa Kwale na Kilifi waletewe zile filimbi ndogo za mdomo ambazo wawindaji wa Uingereza, Marekani na Australia huzitumia kumwita mbweha mpaka afike karibu na bunduki. Uchungu wake ninauelewa vizuri, kwa kuwa jamaa zangu wengi wanafuga huko huko, na mbuzi kwa mtu wa nyika ndiye karo ya mtoto, ndiye dawa ya mgonjwa na ndiye mahari. Hata hivyo, ninaamini kwa dhati kwamba njia aliyoipendekeza itawaletea wafugaji balaa kubwa kuliko hilo wanalolikimbia, nami naomba nieleze kwa urefu kidogo, maana video zinazozunguka kwenye simu zetu huonyesha mbweha akija mbio na hazionyeshi mengine.

Kwanza nieleze kifaa chenyewe. Nimefanya kazi ya kuongoza watalii kutoka hapa Mombasa kwenda Shimba Hills na Tsavo Mashariki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na katika kazi hiyo mtu hukutana na watu wa kila aina, wakiwemo wawindaji wa huko kwao. Filimbi inayopendwa na Waaustralia ni kipande chembamba cha bati kilichokunjwa na kutobolewa tundu, ambacho mtu hukibana kati ya midomo na meno kisha akavuta au akatoa pumzi, huku sauti ikitengenezwa kwa ulimi na midomo yake mwenyewe. Wamarekani wao hupenda zaidi bomba fupi la mbao au plastiki lenye ulimi mwembamba kama ule wa zumari. Katika mabomba mengine ulimi huo umefichwa ndani, na hata asiye na mazoezi hupata sauti inayofaa, ila ni ile ile moja. Katika mengine uko wazi, na mpigaji huusogeza mdomo mbele au nyuma juu yake ili kuipandisha au kuishusha sauti. Wapo hata wasiohitaji chombo chochote, ambao hubana midomo kwenye mgongo wa kiganja na kufyonza kwa nguvu hadi kikatoka kisauti chembamba cha panya.

Kinachoigizwa ni kilio cha sungura aliyekamatwa. Sungura huishi kimya karibu maisha yake yote, lakini akishikwa hulia kwa ukali wa kutisha, na mbweha akikisikia kilio hicho hutambua kwamba kuna chakula ambacho kimekwisha kushikwa na mwingine, tena kinaweza kunyang'anywa. Mwindaji mzoefu hukaa chini bila kutikisika, mgongo wake ukiegemea mti au kichaka ili umbo lake lisijitokeze, na upepo ukimjia usoni au ubavuni, kwa sababu mbweha mwenye akili huzunguka kwanza apate kunusa kabla hajajitokeza. Huanza kwa sauti ya chini, maana huenda mnyama yuko hatua chache tu, kisha hupiga kwa sekunde kadhaa, akanyamaza, akasubiri, akarudia. Mbweha aliyekwisha kuitwa akapigiwa risasi na kukoswa hujifunza, na kumwita mara ya pili kwa sauti hiyo hiyo ni kazi ngumu sana. Huu ni ujuzi wa kweli, na sina nia ya kuwadharau wenye nao.

Wala kuita kiumbe wa mwituni kwa mdomo si jambo la kigeni katika nchi yetu. Waborana wa kaskazini mwa Kenya humwita ndege anayewaongoza warina asali kwa kupuliza viganja vilivyokutanishwa, gamba la konokono au koma lililotobolewa, na watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walionyesha mwaka 1989, katika jarida la Science, kwamba katika maeneo wasiyoyafahamu warina asali walitumia wastani wa saa 8.9 kuufikia mzinga bila ndege huyo, lakini saa 3.2 tu wakiwa naye. Ndege yule anaitwa kwa sauti anayoijua, anakuja kwa hiari, na mwisho wa safari anapata nta yake. Filimbi ya mbweha ni mwito wa aina nyingine kabisa, kwani inamwahidi mnyama kitu ambacho hakipo, na kila mla nyama aliye karibu huisikia ahadi hiyo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu, Mheshimiwa Mhariri. Katika mashamba ya Uingereza hakuna chui, hakuna fisi, hakuna simba, na mbwa mwitu wa huko walikwisha kutoweka zamani. Mtu akipiga filimbi yake pembeni mwa malisho usiku, atakayeitika ni mbweha mwekundu, au paka wa jirani, au bundi. Australia nayo ina hali yake: mbweha huyo si mnyama wa asili wa nchi hiyo, aliletwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 na watu waliotaka kumwinda kwa starehe, akazaana na kuenea, na leo anawamaliza wanyama wadogo wa asili pamoja na wana-kondoo, kiasi kwamba serikali yenyewe inataka apunguzwe. Marekani, ambako kuna puma na dubu, wapo wawindaji waliokuwa wakimwita mbweha wakajikuta wananyemelewa wao. Ujuzi huu ulikua katika mazingira yake, na mazingira hayo siyo ya Kinango wala Samburu ya Kwale wala Bamba.

Tumwazie basi mfugaji wetu. Ameketi chini ya kichaka wakati wa magharibi, amejificha, hatikisiki, upepo unampiga usoni, naye anatoa sauti ya mnyama aliyejeruhiwa. Mkononi ana upinde au rungu, maana bunduki hana na kisheria hawezi kuwa nayo kwa kazi hiyo. Mnyama anayekuja kwa sauti ile anazungukia upande wa nyuma, ambako upepo unampelekea harufu, na ambako mpigaji filimbi hana macho. Ikiwa ni mbweha, atanusa mtu na kukimbia. Ikiwa ni chui, naye yupo Shimba Hills na katika vichaka vingi vya pwani kuliko watu wanavyodhani, atakuja bila kukanyaga hata jani kavu, akitafuta kilipo kile kilicholia. Upande wa ranchi zinazopakana na Tsavo Mashariki kuna fisi na simba pia. Wataalamu wa wanyamapori wanalijua jambo hili kiasi cha kulitumia: katika Maasai Mara, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1998, simba na fisi waliitwa kwa sauti za kurekodi zilizopigwa kwa vipaza sauti ili wahesabiwe, na wahesabuji hao walikuwa ndani ya gari.

Niliwahi kushuhudia mwenyewe, katika hali isiyo na hatari yoyote, jinsi sauti hiyo isivyochagua. Mgeni mmoja, mfugaji wa kondoo kutoka New South Wales, alinitolea kipande chake cha bati tulipokuwa tumeketi nyuma ya hoteli moja ya Bamburi baada ya chakula cha mchana, akakipachika mdomoni, akavuta pumzi. Kilitoka kilio chembamba chenye kukatika-katika ambacho kilinisisimua mwili. Mpishi alitoka mlangoni akiuliza ni nani anayetesa mtoto. Paka wa jikoni, waliokuwa wamelala kivulini kwa shibe, waliinuka wote na kuja moja kwa moja mpaka miguuni petu, na mwewe aliyekuwa akizunguka juu ya minazi alishuka chini kiasi cha kumwona jicho. Mgeni alicheka, akaniambia kwamba kwao vilevile huja vitu asivyovitafuta, ila kwao hakuna kinachoweza kumla.

Upo pia ubaya unaowapata wanyama wasio na kosa. Mbweha mwenye masikio makubwa, ambaye hupatikana Tsavo, hana habari na mbuzi; chakula chake kikubwa ni mchwa, na masikio yale ameumbiwa kusikiliza wadudu chini ya udongo. Meno yake ni madogo na mengi, kati ya 46 na 50. Atakayemwona gizani hatatofautisha, atasema mbweha ni mbweha. Yule mwenye mistari ubavuni anakula panya, matunda na mizoga kwa wingi. Aliye na mgongo mweusi ndiye anayeweza kweli kuchukua mtoto wa mbuzi, hilo silipingi, lakini naye huishi kwa jozi, dume na jike wakilinda eneo lao pamoja, na mara nyingi watoto wa mwaka uliopita hubaki kuwasaidia kulea wadogo zao. Ukimuua mmoja, eneo halibaki tupu. Huingia mwingine kutoka nje, ambaye huenda ndiye mla mbuzi hasa.

Sheria nayo iko wazi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kifungu cha 96, inaufanya uwindaji wa starehe kuwa kosa la jinai. Mwenzangu atasema kwamba yeye hawindi kwa starehe bali analinda mali yake. Namwelewa, lakini kumfukuza mnyama aliyeingia zizini ni jambo moja, na kwenda porini kumwita mnyama ambaye alikuwa amelala zake ni jambo jingine, na sidhani kuna askari wa wanyamapori atakayekubali kwamba ni mamoja.

Ningependa pia mwenzangu, na wafugaji wengine wenye kilio kama chake, wahakikishe kwanza ni nani hasa anayewala mbuzi. Mzoga ukikutwa mapema husema mengi. Mbweha humshika mtoto wa mbuzi kooni na huanza kumla ubavuni au tumboni, nyama laini kwanza. Chui huacha matundu machache makubwa shingoni na kwa kawaida humburura mnyama mpaka kichakani. Fisi huvunja mifupa na kuacha kidogo sana. Mbwa koko huuma ovyo, miguu ya nyuma, mapaja, masikio, hujeruhi wengi kwa usiku mmoja na mara nyingi hawali hata mmoja wakamaliza. Nimeitwa na jamaa zangu zaidi ya mara moja kuangalia kazi ya mbweha nikakuta ni kazi ya mbwa wa kijijini ambao wana wenyewe wanaojulikana, na hakuna aliyetaka kulisema mbele ya jirani. Filimbi hiyo ingewafaa nini hao?

Iwapo ni mbweha kweli, basi tujue kwamba ni mnyama mdogo anayepenyeza mwili wake chini ya ua wa miiba uliosimama juu juu, na kwamba hupendelea alfajiri na magharibi, na hasa watoto wa mbuzi wanaoachwa nyumbani mama zao wakipelekwa malishoni. Banda la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu isiyo na mwanya wa kupitisha kichwa, humzuia kabisa. Ua wa waya uliofukiwa chini kiasi cha shubiri mbili nao humzuia. Mtoto wa kuchunga akiwepo, hata mmoja, pamoja na mbwa aliyechanjwa kichaa, mbweha hakaribii mchana. Haya yana gharama, na mbao si rahisi siku hizi, lakini hakuna hata moja kati yake linalomwita chui karibu na mtu.

Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti ya Kwale, ambayo ina maafisa wa mifugo, iwasaidie wafugaji wa Kinango kwa mbao na waya kabla ya msimu wa kuzaa mbuzi, na nawaomba nyinyi, Mhariri, mchapishe katika ukurasa wenu wa kilimo namna ya kuripoti mnyama anayeshambulia mifugo kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, pamoja na picha za alama za meno nilizozitaja, ili mfugaji aweze kuzilinganisha na mzoga wake. Na kama yule mwenzangu atakubali kuandika tena, atueleze watoto wake wa mbuzi walichukuliwa saa ngapi, walikuwa wamefungiwa wapi, na walikutwa wameumwa sehemu gani ya mwili.

Wenu katika kuhifadhi,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kisauni, Mombasa