Wanangu wahadhiri, yajibuni maswali yaliyomo kwenye mfumo

Kwenu wahadhiri vijana wa vyuo vya Dar es Salaam,

Marahaba. Najua mngeanza na shikamoo, nami naipokea mapema ili tuingie kwenye jambo lenyewe, maana limenikera na sitaki hasira ipoe kabla sijamaliza kuandika.

Muhula uliopita mjukuu wangu, anayesoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa mjini, alinionyesha kwenye simu yake ukurasa wa somo katika mfumo wa kujifunzia wa chuo chao. Uhasibu ndio nilioufundisha hadi nilipostaafu, kwa hiyo nilimwomba simu nikausoma ukurasa wote. Slaidi za muhula mzima zilikuwa zimepakiwa siku moja, faili juu ya faili, bila hata mstari mmoja wa kumwambia mtoto aanzie wapi. Chini yake kulikuwa na jukwaa la majadiliano. Katika wiki ya tatu mwanafunzi mmoja aliuliza hivi: "Mwalimu, kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, kwa nini uchakavu unaongezwa tena juu ya faida wakati uchakavu ni gharama?" Wenzake wakafuata. "Hata mimi." "Na mimi sijaelewa hapo." "Mwalimu tusaidie." Nikashuka hadi mwisho wa ukurasa nikimtafuta mwalimu. Hakuandika neno hata moja muhula mzima. Mtihani ulipofika, swali lilelile likatoka, na mjukuu wangu anasema waliokamata sapu, yaani waliofeli na kutakiwa kurudia mtihani, ni wengi.

Wanangu, hilo ni swali zuri. Mwanafunzi anayeliuliza hajalala darasani. Ameshajua kwamba gharama hupunguza faida, na sasa ameona kitu kinachopingana na alichofundishwa, akasimama hapo. Alihitaji sentensi mbili tatu tu. Uchakavu, yaani thamani ya mali kama gari inayopungua kadiri inavyotumika, unapunguza faida vitabuni, lakini mwaka huu hakuna shilingi iliyotoka mfukoni kwa ajili yake. Fedha ilitoka siku gari liliponunuliwa. Taarifa ya mtiririko inafuata fedha yenyewe, ndiyo maana kilichopunguzwa vitabuni tu kinarudishwa. Jibu hilo lingeandikwa Jumanne, Alhamisi darasa zima lingeingia likiwa tayari kwa hatua inayofuata. Badala yake swali lilikaa pale wiki baada ya wiki, kila aliyefungua ukurasa akaliona, na kila aliyeliona akajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu angependa kulifundisha: kwamba katika somo hili kuuliza ni kupoteza bando.

Najua mtaniambia nini. Darasa lina wanafunzi mamia, msaidizi hakuna, vipindi vimebanana, na usahihishaji wa mitihani unawafuata hadi nyumbani. Ni kweli, na nawaonea huruma. Lakini ukubwa huo wa darasa ndio hasa unaoufanya mfumo uwe na thamani. Zamani mwanafunzi aliyekwama alikuja kugonga mlango wa ofisi, nikamweleza, akaondoka. Baada ya saa moja anagonga mwingine na swali lilelile. Waliokuwa na aibu hawakuja kabisa, na wasichana wengi walikuwa miongoni mwao. Leo unajibu mara moja na mia tatu wanasoma, hata yule asiyethubutu kuuliza. Mmepewa nafasi ambayo sisi hatukuwa nayo, halafu mnaiacha ikae kimya. Tengeni nusu saa mara mbili kwa wiki, muwatangazie wanafunzi siku na saa, na muitunze ahadi hiyo kama mnavyotunza kipindi. Na pale mwanafunzi anapomjibu mwenzake vizuri, andikeni chini yake kwamba amepatia. Mstari huo mmoja unawafanya wengine wathubutu kesho.

Mfumo ambao wengi wenu mnautumia ni Moodle. Sijui ni wangapi waliowahi kuambiwa imetoka wapi. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Perth, Australia, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002, likatolewa bure kwa yeyote kulitumia na kulirekebisha. Huyu hakuwa fundi wa kompyuta tu. Alikuwa akisomea elimu katika Chuo Kikuu cha Curtin, na aliijenga juu ya imani kwamba watu hujifunza vizuri wanapotengeneza kitu na kukionyesha kwa wenzao, wakabishana, wakasahihishana. Ndiyo sababu mna jukwaa, mna sehemu ya wanafunzi kupitia kazi za wenzao, mna kamusi ya somo ambayo darasa linaweza kuijaza lenyewe. Ninyi mmeigeuza stoo. Mnaweka madesa na kufunga mlango.

Nadhani kosa hili lilikomaa mwaka 2020. Vyuo vilipofungwa Machi kwa sababu ya korona hadi vikafunguliwa Juni, wengi walikumbuka mfumo kwa mara ya kwanza, na wakaukumbuka kama mahali pa kuweka vitu pale darasa lisipokuwepo. Darasa lilirudi, tabia ikabaki. Chuo Kikuu Huria kimefundisha watu walio mbali tangu miaka ya tisini, na mwalimu wa huko ana sababu ya kupanga somo lake likae lenyewe bila ukumbi. Ninyi ukumbi mnao! Wanafunzi wanapanda daladala kutoka Gongo la Mboto na Kimara alfajiri ili wawaone. Mkiwasomea slaidi walizokwisha kuzipakua, wana haki ya kujiuliza nauli yao imeenda wapi.

Kwa hiyo nawaomba muufanyie mfumo kazi kabla ya kipindi. Wekeni jaribio fupi la maswali matano lifungwe jioni ya kuamkia siku ya darasa, lenye alama kidogo au bila alama kabisa, na mwanafunzi aruhusiwe kurudia. Asubuhi fungua ripoti ya majibu kabla hujatoka nyumbani. Ukiona swali la tatu limewaangusha wengi, angalia wamechagua jibu gani lisilo sahihi, maana makosa ya wanafunzi hayatawanyiki ovyo. Wengi huangukia shimo moja. Kama wamechagua kwamba uchakavu ni fedha iliyotoka benki, basi umeshajua somo la leo linaanzia wapi, na slaidi ishirini za mwanzo unaziruka. Majaribio ya namna hii yanasaidia hata kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu, ingawa dakika tano baada ya kusoma waliorudia ndio waliokuwa mbele. Wanafunzi wenu wanapokesha na madesa usiku wa kuamkia mtihani, hicho ndicho kinachowadanganya.

Mengine nayapitia haraka. Msipakie kurasa za kitabu zilizopigwa picha, faili zito linalokula bando la wiki. Andikeni upya au lipunguzeni. Fungueni mada moja moja kwa wiki, na kila mada iwe na maelezo mafupi ya nini kisomwe na kwa nini. Waonyesheni wanafunzi programu ya simu ya Moodle, chuo kikiiruhusu, ili wapakue somo kwa waifai ya chuo na walisome Mbagala bila kununua kitu. Alama za majina ya watu zikae ndani ya mfumo ambako kila mmoja anaona zake, zisisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mpeni mwakilishi wa darasa nakala ya kuchapa steshenari, maana Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tuliona wote jinsi intaneti ilivyoyumba nchi nzima.

Na mwisho wa kukusanya kazi. Mkiuacha mfumo uandike tarehe 12 saa 00:00, kwa mfumo huo ni usiku wa kuamkia tarehe 12, siku yenyewe haijaanza. Mwanafunzi anasoma tarehe 12 na kuamini ana siku nzima, anaamka anakuta mlango umefungwa. Wekeni saa 10 alasiri, ambapo fundi wa mfumo bado yuko ofisini na umeme ukikatika kuna wa kumpigia.

Lakini nisiwalaumu ninyi peke yenu. Nimehudhuria sherehe za kuzindua mifumo. Utepe unakatwa, hotuba inasomwa, picha zinapigwa mbele ya skrini kubwa, na wahadhiri wanapewa semina ya siku moja ya kuonyeshwa vitufe. Baada ya hapo uongozi unaomba ripoti, na ripoti inauliza ni masomo mangapi yamepakiwa. Hakuna anayeuliza ni maswali mangapi yamejibiwa. Mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala alizochapisha. Nusu saa aliyokaa akimweleza mtoto wa watu uchakavu haimo katika fomu yoyote. Kijana mwenye akili anaisoma fomu hiyo na kupanga maisha yake kwa kuifuata. Wakuu wa idara mnaonisoma, jambo hili liko mikononi mwenu: wekeni majibu ya jukwaa katika tathmini ya mwalimu, na darasa la mia tatu lipewe msaidizi mmoja ambaye kazi yake imeandikwa kwamba ni kuwajibu wanafunzi.

Nanyi wazazi, mnasikia chuo fulani kina mfumo wa kisasa mnaridhika. Muulizeni mtoto akuonyeshe. Huhitaji kuujua uhasibu ili uone swali lililokaa bila jibu.

Wanangu, nawapenda, na najua uchovu mnaourudi nao nyumbani. Wengi wenu mlikaa mbele yangu mkiuliza maswali magumu kuliko hilo la uchakavu, na mlijibiwa. Muhula mpya haujaanza. Kabla haujaanza, muombeni mwanafunzi mmoja awaazime simu, mfungue somo lenu kupitia jina lake, mlione anavyoliona. Halafu ingieni kwenye jukwaa la muhula uliopita. Waliouliza bado wamo humo, na wengine wanajiandaa kurudia mtihani. Wajibuni wiki hii.

Mwalimu wenu mstaafu,
Dar es Salaam