Tuwalipe VHT wetu kabla hawajachoka

Mheshimiwa Mhariri,

Wiki iliyopita nilimsikia kiongozi mmoja redioni akiwasifu VHT, yaani wahudumu wa afya wa vijijini, kwa moyo wao wa kujitolea, akawaomba waendelee hivyo hivyo. Sifa ni njema, na wanazistahili. Lakini kuna jambo nimekaa nalo moyoni tangu mwaka 2020, na niliposikia tena neno hilo la kujitolea nikaona afadhali niandike.

Mimi ni mbeba mizigo hapa mpakani Busia, upande wa Uganda. Magunia ya mahindi, saruji, marobota ya mitumba, yote yamepita mgongoni mwangu. Mwaka ule wa korona nilianza kukohoa. Nilinunua dawa za maji, kisha vidonge vya rangi mbili, duka hili na lile, wiki nane nzima. Usiku naamka shuka limelowa jasho. Suruali ikawa inashikwa na kamba. Na mnakumbuka mwaka ule mtu aliyekohoa alivyotazamwa: majirani walifunga milango, watoto wangu wakazuiwa kuchota maji pamoja na wenzao. Wengine walisema nimerogwa, wengine wakataja ukimwi.

Aliyeingia nyumbani kwangu alikuwa mama mmoja wa VHT. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuhimiza watu wanawe mikono na kuuliza nani ametoka safari. Alinisikia nikikohoa kutoka barabarani. Alisimama mlangoni, mdomo na pua amefunika, akaniuliza maswali matatu: umekohoa muda gani, unatokwa na jasho usiku, umepungua mwili? Kesho yake alirudi na kikopo, akanieleza namna ya kutoa makohozi asubuhi kabla sijala, akakipeleka mwenyewe hadi kituo cha afya. Wakati huo boda boda zilikuwa zimekatazwa kubeba abiria. Alikwenda kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na makohozi yangu mkononi.

Majibu yalikuwa TB, yaani kifua kikuu. Tiba ni ya bure na ni ya miezi sita: miezi miwili dawa za aina nne, kisha miezi minne za aina mbili. Kadi niliyopewa iliandikwa Kiingereza chote. Yeye ndiye aliyenisomea kwa Kiswahili, akanitahadharisha kwamba mkojo utageuka rangi ya chungwa, nisidhani ni damu. Asingenieleza, ningeziacha dawa siku ya pili. Akapima na watu wa nyumbani kwangu kwa maswali yale yale, na mwanangu wa miaka mitatu akaanzishiwa vidonge vya kumkinga.

Hapa ndipo nataka mhariri na wasomaji wanielewe vizuri. Mwezi wa tatu wa dawa nilipona. Yaani niliona nimepona: kikohozi kimeisha, nguvu zimerudi, magari ya mizigo yamejaa na pesa ipo. Dawa zile zinaleta njaa kali, na nyumbani chakula kilikuwa cha kuhesabu. Nikaacha kumeza. Siku ya nne mama yule alikuja saa kumi na mbili asubuhi, akakaa kizingitini. Hakunigombeza. Aliniambia TB iliyokatizwa dawa inaweza kurudi ikiwa sugu, na TB sugu hutibiwa kwa dawa nyingine nzito zaidi, na wakati huo ningekuwa nimewaambukiza wanangu hiyo hiyo sugu. Halafu akafungua mfuko, akatoa unga wa uji wa mtama. Ulikuwa unga wa nyumbani kwake. Akangoja nikameza mbele yake. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka nikazoea tena.

Daktari aliyeniandikia dawa nilimwona mara chache tu, na namshukuru. Lakini mgonjwa wa TB anapona au anakufa nyumbani kwake, katika zile asubuhi mia moja na themanini.

Mama huyo analipwa nini? Hakuna mshahara. Kulikuwa na mradi wa wafadhili uliokuwa ukimpa nauli na pesa kidogo ya simu. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mradi ule ukafungwa. Wagonjwa hawakufungwa pamoja nao.

VHT walianzishwa na Wizara ya Afya mwaka 2001. Katika mpangilio wa serikali yenyewe, wao ndio kituo cha afya cha daraja la kwanza, yaani la chini kabisa, kituo kisicho na ukuta wala paa. Tangu 2010 baadhi yao wamefundishwa kumtoboa mtoto kidole na kumpima malaria, kumpa dawa mseto, kumtibu nimonia, kumpa zinki na ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, akiharisha. Hiyo ni kazi ya hospitali, inafanywa chini ya mwembe na mtu aliyeacha shamba lake.

Tunaoishi mpakani tunaona jambo ambalo labda Kampala halionekani. Ng'ambo ya pili, Kenya, mwaka 2023 walizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa, na posho ya shilingi 5,000 za kwao kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Ni karibu 140,000 zetu. Najua kuna kaunti wanakolalamika kucheleweshewa. Lakini mtu anayecheleweshewa ana cha kudai. Mama yetu huku hana hata cha kudai.

Nimewahi kujibiwa kwamba VHT ni wengi mno, zaidi ya laki moja na nusu nchi nzima, serikali haiwezi kuwalipa wote. Hoja hiyo ina uzito, siipuuzi. Basi tuanze na wawili kwa kila kijiji, wale wanaotibu watoto na kufuatilia wagonjwa wa TB na wa ukimwi majumbani. Posho yao iwekwe ndani ya bajeti yetu wenyewe inayosomwa kila Juni, itumwe kwa simu kila mwezi, isitegemee mfadhili. Nasikia kuna mpango wa wahudumu wa kulipwa ngazi ya parishi. Ni mzuri, lakini parishi ni vijiji vingi, na wahudumu wawili hawawezi kukaa kizingitini pa kila mgonjwa asubuhi. Alipwe pia VHT aliye jirani yangu. Na dawa zisiishe mkobani, maana mama wa VHT asiye na dawa hulaumiwa yeye na kijiji kizima kana kwamba ameziuza.

Nawaomba madiwani wetu na mbunge wetu walibebe jambo hili. Kama wanataka mtu wa kusimama na kusema yaliyompata, mimi nipo, nitasimama.

Juzi nilikutana na mama huyo njiani, jua kali, amebeba kikopo kingine kwenye kikapu, amekifunga vizuri ndani ya mifuko miwili. Ni cha kijana anayelala ng'ambo na kufanya kazi huku, hajulikani ni wa kliniki ipi. Nikampa nauli ya boda. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea.

Wako,
Mbeba mizigo,
Busia, Uganda