Namba ya siku kwenye deli la barafu isiwadanganye wanaoshuka mto kwa rafti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, hili jambo linanikera muda mrefu sasa na safari hii nimeona bora niandike. Kila msimu wa kushuka mito ukikaribia maswali ni yaleyale, ninunue deli gani la barafu, lipi linakaa siku tano, lipi siku saba, na watu wanatoa hela nyingi kwa ajili ya ile namba iliyobandikwa ubavuni, afu siku ya pili wako mtoni nyama inaelea kwenye maji ya vuguvugu na lawama zote anabebeshwa aliyelitengeneza. Kazi yangu mimi ni kupakia vyakula vya safari hizo, zile za kulala njiani siku kadhaa na boti za mpira, na ninachowaambia watu kila siku ni kwamba barafu nyingi inaishia nyumbani kabla boti haijagusa maji.

Hiyo namba ya siku mara nyingi inatokana na deli lililojazwa barafu tupu, likafungwa, likaachwa limetulia bila mtu kuligusa. Sasa mtoni nani anafanya hivyo? Deli liko juani toka asubuhi, ndani kuna chakula na vinywaji vimechukua nafasi ya barafu, na kila mwenye kiu anafungua anachakura anaacha mfuniko wazi huku anauliza wenzake nani mwingine anataka. Huwezi kulinganisha.

Ngoja nieleze hesabu kidogo maana ndiyo inayonifanya nisisitize. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto kama kilojuli 334, hiyo ndiyo akiba yako yote, ukishaimaliza umebaki na maji tu. Chukua kilo 10 za vinywaji vilivyokuwa kwenye nyuzi 30, vitumbukize kwenye deli vipoe mpaka nyuzi 2, umeshatumia joto la karibu kilojuli 1,170, yaani kilo tatu na nusu za barafu zimeondoka kwa ajili ya kupoza vitu ambavyo vingelala kwenye friji usiku mmoja vikaja vimeshapoa. Na deli lenyewe likiwa limetoka stoo lina joto, zile kuta nene unazojivunia nazo zinataka kupozwa, zitakula barafu yako vilevile. Ndiyo maana nasema liingize ndani siku moja kabla, litie barafu ya kutupa au chupa za maji yaliyoganda, lifunge lilale hivyo, asubuhi mwaga hiyo uweke barafu ya safari. Vinavyoweza kugandishwa vigandishwe, nyama igande iwe jiwe, maji ya kunywa yagande kwenye chupa. Ukigandisha acha nafasi juu ya chupa, maji yakiganda yanaongezeka karibu asilimia 9 na chupa iliyojaa hadi shingoni itapasuka.

Barafu yenyewe nayo watu wanachukulia poa. Vipande vidogo vinapoza haraka lakini vinayeyuka haraka kwa sababu eneo linaloguswa na joto ni kubwa, bonge moja kubwa linakaa sana, kwa hiyo chini weka mabonge na vile vidogo vitumie kujaza mianya. Bonge la lita 10 usiligandishe usiku wa kuamkia safari, linataka siku mbili tatu kwenye friza mpaka katikati pawe pamekaza, na likiachwa lipoe sawasawa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri unapata nyongeza ya kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake, siyo haba. Kipimo ninachotumia ni barafu mara mbili ya chakula kwa ujazo. Najua mtu akisikia hivyo anaona deli lote limeliwa na barafu, ndiyo, lazima liliwe, ndiyo kazi yake.

Tuje kwenye kuchagua. Kabla ya kuuliza kampuni gani, chukua futi kamba upime nafasi kwenye fremu ya boti yako, maana deli la rafti linakaa kwenye fremu katikati ya vyuma na kuna watu wananunua kwanza halafu wanakuta mishikio na kile kizibo cha kutolea maji vimezidi sentimita mbili, halipiti. Pima upana wa nje pamoja na kila kinachochomoza, na pima kimo pia, maana kwenye boti za makasia mara nyingi mpiga kasia anakaa juu ya deli hilohilo, likiwa refu kupita kiasi magoti na makasia havielewani kutwa nzima. Na kama litakaliwa basi mfuniko uwe wa kubeba mtu. Hapa nawaomba watu wafanye jambo moja dogo tu wakiwa dukani, gonga mfuniko kwa vidole kisha gonga na ubavu, usikilize. Mengi ya bei nafuu ubavuni yamejazwa foma, lile povu gumu la kuzuia joto, lakini mfuniko uko mtupu, ni plastiki mbili na hewa katikati, unasikia unalia kama debe, na ukibonyeza katikati kwa kiganja unazama. Sasa mfuniko ndio unaopigwa na jua la juu siku nzima! Angalia pia mpira wa kuziba pembeni uwe umezunguka wote bila kukatika kwenye kona, funga kipande cha karatasi kwenye mfuniko ukivute, kikitoka kilaini na hewa itapita hapohapo.

Foma ya poliurethani inazuia joto vizuri kuliko yale maboksi meupe mepesi ya polistirini, na unene wa sentimita tano au zaidi unaonekana tofauti yake kabisa kwenye safari ndefu. Lakini unene huo unakula nafasi na uzito, deli kubwa likiwa tupu tayari linachosha mgongo, likijazwa linahitaji watu wanne kulishusha ufukweni kwenye mawe yanayoteleza, kwa hiyo kwa safari ya siku moja sioni sababu ya mtu kujitesa, la kawaida lililopakiwa vizuri linatosha. Na ningechagua mawili ya wastani badala ya moja kubwa mno, moja la vinywaji linalofunguliwa ovyo, jingine la chakula ambalo mpishi peke yake ndiye anayeligusa. Safari ikiwa ndefu liwepo la tatu la siku za mwisho, lizungushie utepe wa gundi wa karatasi kwenye mwanya wa mfuniko uandike juu siku ya kufunguliwa, na mtu asilisogelee kabla ya hapo.

Kulifunga kwenye boti ndiko ninakoona hatari kubwa na ndiko watu wanakopita haraka. Mshikio wa deli ni wa kubebea, siyo wa kufungia, boti ikipinduka mshikio wa plastiki unang'oka na mzigo wa kilo themanini unaachiwa kwenye mikondo mikali pamoja na watu walio majini. Mikanda ipite chini ya deli na juu ya mfuniko, ishikwe na vyuma vya fremu, iwe ile mipana yenye kifungio cha meno isiyonyumbuka ikilowa, kamba ya kawaida hapana. Deli lisikae moja kwa moja kwenye sakafu ya boti, liache lining'inie kwenye mikanda au ubao na chini pabaki nafasi ya vidole kadhaa, kwa sababu mwamba ukiigonga sakafu kutokea chini na juu kuna deli limekaa, sakafu ndiyo inayopasuka. Ncha za mikanda zilizobaki zikunjwe zifichwe, hizo ndizo zinazonasa mguu wa mtu boti ikiwa juu chini. Vibanio vya mfuniko pekee usiviamini kwenye maporomoko, ongeza mkanda mmoja unaopita juu, tena hakikisha kizibo cha maji kimekazwa kabla ya kuondoka kila asubuhi.

Kuna ubishi usioisha kuhusu maji ya barafu iliyoyeyuka, kumwaga au kuacha. Maji hayo bado yako karibu na nyuzi 0 na yanashika kila kitu pande zote, ukiyamwaga nafasi yake inachukuliwa na hewa ya joto, kwa hiyo kwenye deli la vinywaji mimi siyamwagi mpaka ninapoongeza barafu mpya. Kwenye la chakula ni tofauti, maji yakifika kwenye nyama mbichi kisha yakaogelea hadi kwenye jibini na mboga umeshachafua vyote, hapo nayatoa mara kwa mara na chakula nakiinua juu ya trei ya plastiki yenye matundu. Nyama mbichi iwe kwenye mifuko miwili na ikae chini kabisa, isije ikadondoka juu ya kingine chochote. Mboga za majani zisiguse barafu, zinaungua.

Jua halikwepeki lakini linapunguzwa. Tandika kitambaa cheupe au taulo lililolowa juu ya mfuniko na kila ukipita sehemu iliyotulia limwagie maji ya mto, maji yanapokauka yanaondoka na joto, lita moja ikikauka yote inachukua joto linalolingana na kuyeyusha kilo kama saba za barafu. Sehemu kubwa ya joto hilo linatoka kwenye hewa, siyo kwenye deli, ila hata kidogo kinachobaki kinasaidia na hakigharimu chochote. Mkifika kambini lihamishieni kivulini, na kama mto ni wa baridi vinywaji vya jioni vitieni kwenye mfuko wa wavu mvifunge kwenye maji yaliyotulia kando, deli lipumzike.

Naona pia watu wameanza kupenda barafu kavu, ile ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Inafaa sana kwa lile deli la siku za mwisho lakini siyo ya mchezo, iko kwenye nyuzi kama 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi kwa kugusa tu, shika kwa glovu nene na uizungushie magazeti. Inageuka moja kwa moja kuwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kwa hiyo deli lisibanwe kabisa hewa isipite, na ule utepe usiuzungushe mwanya wote, gesi inahitaji pa kutokea, na usilale nalo ndani ya hema wala kusafiri nalo kwenye gari lililofungwa vioo, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa inatanda chini na mtu anaishiwa pumzi akiwa usingizini. Jamani hili naomba lisipuuzwe.

Na mwisho wa yote deli lipo kwa ajili ya matumbo ya watu, siyo kwa ajili ya soda ya baridi. Weka kipimajoto kidogo katikati ya chakula, siyo juu ya barafu, na kikizidi nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili basi nyama, mayai na maziwa visiliwe, na hewa ikiwa imevuka nyuzi 32 muda huo unashuka kuwa saa moja. Kunusa hakutoshi, vijidudu vingine havitoi harufu. Kuharisha ukiwa umebakiza siku tatu ufike barabarani, katikati ya korongo lisilo na njia ya kutokea, ni jambo la kutisha na limeshaua raha ya makundi mengi.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili, ukurasa wenu wa safari ukija kulinganisha madeli msiyajaze barafu tupu mkayaacha kivulini. Yapakieni nusu chakula, yawekeni juani, yafungueni kila nusu saa mchana kutwa, mpime joto la chakula chenyewe asubuhi na jioni, na mtuandikie vipimo vya nje pamoja na mishikio. Halafu mtuambie mfuniko una foma au hauna.

Msomaji wenu,
Mpakiaji wa vyakula, safari za mto