Barua za buibui mbona zote za wanaume?

Mhariri salaam, naomba kanafasi kidogo. Nimezisoma hizo barua za nikabu na mitandio mlizotoa wiki hizi mbili, mmoja anataka mwanamke wa Kiislamu akombolewe kama wanavyofanya Ufaransa, mwengine anataka asojifunika achukuliwe hatua, nikaangalia majina chini, wanaume watupu! Mnagombania kitambaa na mwenye kichwa hajaulizwa.

Mie navaa ushungi. Mdogo wangu anavaa nikabu, tunamwita ninja na anacheka tu. Binti yangu mkubwa akitoka hajifuniki, nishamsema mpaka mdomo umekauka ila fimbo sijamshikia.

Sasa huyo wa Ufaransa. Sheria yao ya 2010 ukificha uso njiani faini mpaka euro 150, sawa, halafu korona ikaingia 2020 haohao wakawa wanatoza euro 135 asovaa barakoa. Pua ileile mdomo uleule jamani, tofauti ni nani kakuamrisha.

Na huyo wa kulazimisha aitazame Iran. 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku kujifunika, polisi wakawa wanawavua wanawake barabarani, kuna waliojifungia ndani wasitoke tena kwa aibu. Yakaja mapinduzi ya 1979, wanawake wakaandamana Tehran mwezi wa tatu wakisema hatutaki kulazimishwa, wapi, 1983 ikatoka sheria asojifunika viboko mpaka 74. Yani bibi kavuliwa kwa nguvu, mjukuu kavishwa kwa nguvu. Na 2022 Mahsa Amini, mtoto wa miaka 22, kakamatwa kisa hijabu, akaanguka akiwa mikononi mwa polisi, siku ya tatu tangu wamshike kafariki. Huyo ndo kahifadhiwa?

Tena tusiende mbali, hapa hapa pwani. Zanzibar zamani mjakazi hakuwa na ruhusa ya kujitanda kama muungwana, alitoka kichwa wazi ili ajulikane ni mtumwa. Utumwa ulipofutwa 1897 wanawake wale wakaanza kujifunika wenyewe, na buibui lilipoenea wakalivaa, kama kusema na mie sasa ni mtu. Hakuna askari aliyewavisha. Ndo maana mtu akiniambia buibui ni utumwa namshangaa kweli, ila anayetaka liwe amri namshangaa zaidi, kwani likishakuwa la kuvishwa na bwana si tumerudi kulekule?

Dini naijua, sura ya Nur nimeisoma, na Qur'ani hiyohiyo kabla ya kutuambia sie imeanza na wanaume wainamishe macho. Hiyo aya sijaona barua yake.

Mkitoa barua nyengine watafuteni na wanawake, mhariri. Mdogo wangu yuko tayari kuandika, ila anasema picha msimuombe.

Mama wa watatu,
Tanga