Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tiba ya Seli Mundu, Uhariri wa Vinasaba na Pendekezo la Kuzuia Ndoa

Ndugu wanachama, wazazi, walezi na vijana wetu mnaoishi na seli mundu,

Katiba ya chama inanitaka niwasilishe mbele yenu, hapa Tabora mjini, taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na uandikishaji wa wanachama wapya kutoka Urambo, Nzega na Sikonge umo katika taarifa ya katibu, kwa hiyo sitayagusa hayo. Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo lililoishughulisha kamati tendaji kuliko mengine yote, yaani pendekezo la baadhi yetu kwamba chama kiwaombe viongozi wa dini wasifungishe ndoa pale ambapo wachumba wote wawili wanabeba kinasaba, yaani chembe ya urithi, cha seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Waliolitetea walisema kwamba sayansi imeanza kuhariri vinasaba, yaani kuvibadilisha kwa makusudi, kwamba hatimaye itausafisha uzao wote wa binadamu, na kwamba sisi tuanze na njia tuliyo nayo.

Pendekezo hilo limetoka kwa watu waliokesha wodini na watoto wanaolia kwa maumivu ya mifupa, na wengine wao wamezika. Hakuna aliyelitoa kwa ubaya. Kamati imelikataa hata hivyo, na mnastahili kuelezwa sababu kwa kirefu.

Seli mundu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika kinasaba kinachoongoza utengenezaji wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Anayelirithi kwa baba na kwa mama huugua. Anayelirithi kwa mzazi mmoja huwa mbebaji, kwa kawaida huishi na afya yake, tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, kama alivyoonesha mtafiti Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki. Mkoa wetu hauhitaji kuhadithiwa malaria: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, takriban asilimia 23 ya watoto wa Tabora walio chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Kinasaba ambacho leo kinaitwa uchafu ndicho kilichowavusha wengi wa wazee wetu utotoni. Sisemi haya ili kuyapunguza mateso ya watoto wetu. Ninasema kwamba anayetaka kuwarekebisha wanadamu wote, pamoja na wale ambao hawajazaliwa, anapaswa kujua kila kazi ambayo kinasaba hufanya mwilini, na ujuzi huo hakuna aliye nao.

Kumtibu mgonjwa aliyepo ni jambo tofauti, nami ninaliunga mkono bila kusita. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ambayo seli za uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa ili zitengeneze tena himoglobini ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, kisha zikarudishwa mwilini baada ya dawa kali za kuondoa uloto wa zamani. Mgonjwa mwenyewe huelezwa hatari zake, ikiwemo ya kupoteza uwezo wa kuzaa, na huridhia au hukataa. Badiliko hilo haliendi kwa watoto wake. Kinachoniuma ni bei: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja nchini Marekani, zaidi ya shilingi bilioni tano, wakati nchi yetu inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wazazi tuliomo ukumbini bado tunahangaikia dawa ya watoto wetu, haidroksiyurea, ya mwezi ujao. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma imeanza kupandikiza uloto, na hilo ni tumaini lililo karibu zaidi nasi.

Kuhariri kiinitete, yaani mimba katika hatua yake ya mwanzo kabisa, ili badiliko lirithiwe na vizazi vyote ni jambo ambalo chama hakiwezi kuliunga mkono. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza nchini China kwamba watoto pacha wamezaliwa baada ya yeye kuhariri vinasaba vyao, akidai kuwakinga na virusi vya UKIMWI, ilhali kinga ya ugonjwa huo ipo kwa njia rahisi. Alifungwa miaka mitatu. Watoto wale hawakuulizwa, na watoto watakaowazaa wao hawataulizwa.

Wazo la kuboresha uzao wa binadamu ni la zamani kuliko maabara hizi. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilipa jina la yujeniki mwaka 1883, na Ujerumani ililifanya sheria mwaka 1933, watu wapatao 400,000 wakahasiwa au kufungwa uzazi kwa nguvu, wakiwemo viziwi, vipofu na wenye kifafa. Hata watu wema walipotoka. Mwanakemia Mmarekani Linus Pauling, ambaye mwaka 1949 yeye na wenzake walionesha kasoro ya himoglobini ya seli mundu, mwaka 1968 alipendekeza kwamba vijana wanaobeba kinasaba hiki wachorwe alama kwenye paji la uso ili wasipendane. Alitaka kuzuia mateso, kama ninyi mlioleta pendekezo.

Cheti cha kipimo cha seli mundu kinachosomwa mbele ya padri au shehe kabla ya ndoa kingekuwa alama ya namna hiyo. Binti wa Isevya au Ng'ambo akikataliwa mara moja, mtaa mzima utajua, na tunafahamu kwamba katika familia zetu lawama humwangukia mwanamke hata pale ambapo baba amechangia sawasawa. Jirani zetu wa Kigoma waliona watoto wenye ualbino wakihamishiwa kituo cha Kabanga, Kasulu, ili wasiuawe. Tunajua mtu anavyoweza kutendewa pale kinasaba chake kinapotangulia jina lake. Tena wamo humu vijana wetu ambao, tukilipitisha pendekezo hili, wangesikia kutoka kwa chama chao wenyewe kwamba ndoa iliyowazaa haikustahili kufungwa.

Wachumba wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa, nao wana haki ya kulijua hilo mapema, kabla ya posa, kwa siri, kutoka kwa mshauri aliyefunzwa. Uamuzi ubaki wao. Kwa hiyo kamati inaomba mkutano huu uridhie tuuandikie uongozi wa afya wa mkoa kuomba upimaji wa hiari usio na malipo, uchunguzi wa watoto wachanga na upatikanaji wa uhakika wa haidroksiyurea. Walioleta pendekezo la awali watapewa nafasi ya kwanza kuzungumza, kisha tutapiga kura.